Kawa la Mama Tatu na Jua la Desemba

Vijana wa karakana, siku ile ya soda na keki mliniomba niseme maneno machache ya kuagana. Nilisimama, nikasahau yote niliyokuwa nimeyapanga, nikaishia kuwakumbusha mfunge vizuri dirisha la stoo. Tulipofika nyumbani, mke wangu Mama Tatu aliniambia kwamba mtu aliyefanya kazi ya umeme wa jua tangu akiwa na nywele mpaka akabaki na utosi unaong'aa hawezi kuagana kwa habari ya dirisha. Kwa hiyo nimekaa chini, naandika. Habari za vyeo sina, na mishahara yetu mnaijua. Nitawaeleza vyombo nilivyovitengeneza, aliyenifundisha, na mti mmoja ambao nusura niukatishe kwa kujiamini kwangu.

Mimi ni mzaliwa wa Isevya, hapa Tabora mjini, lakini ni Mzaramo. Baba yangu aliletwa Tabora na reli, akaoa, akasahau kurudi. Kuwa Mzaramo katikati ya Wanyamwezi ni kazi nyingine isiyo na likizo, maana sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na babu zetu wakiwapokea kwa maji na matusi. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele za watu, akakaa kwenye kiti chako, akakutoza faini ya kosa alilolibuni njiani, na ukinuna wewe ndiye uliyekosa adabu. Katika miaka yangu yote sikupata kufika kijijini nikaulizwa cheti. Niliulizwa kabila, nikajibu, wakacheka, kisha ndipo nikaonyeshwa kazi.

Kazi yenyewe nilianzia kwa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akitengeneza redio kwenye baraza ya nyumba yake palepale Isevya. Marehemu mumewe alimwachia meza, sanduku la vifaa na rundo la redio za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Majirani walidhani atauza kila kitu. Yeye akaanza kuzifungua redio zile moja baada ya nyingine, mpaka akaelewa mumewe alikuwa akifanya nini siku zote zile. Mimi nilimfikia nikiwa na shati lililopigwa pasi na cheti cha umeme ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Hiyo bahasha ina nini?"

"Cheti changu cha ufundi."

"Kiweke juu ya kabati kisichafuke. Haya, ufagio uko nyuma ya mlango."

Nilifagia wiki nzima. Siku niliporuhusiwa kushika chuma cha kuchomelea risasi, nikakishika upande usio wake. Bi Zuhura alinipaka mafuta kwenye kidole bila haraka, akasema sasa nimeanza kuwa fundi kwa kuwa nimejua moto uko upande gani. Cheti kile kilikaa juu ya kabati mpaka panya walipokifanyia kazi yao, na nadhani panya wale ndio pekee waliowahi kukisoma chote.

Paneli za sola zilipoanza kuingia Tabora, mafundi wengi wa redio walizicheka. Bi Zuhura hakucheka. Alisema redio inataka mawimbi na hii inataka jua, na vyote vinatoka juu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa. Akaanza kupokea kazi za shule na zahanati, na mimi nikawa mpanda paa wake, kwa kuwa yeye alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa mwepesi kila mahali, hata kichwani.

Uani kwake, karibu na mahali pa kutawadhia, alikuwa amesimika kijiti kilichonyooka. Adhuhuri yake haikungoja saa wala redio. Kivuli cha kijiti kilipofikia ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka tena, aliacha kila alichokishika akaenda kutawadha. Mimi nilikiona kijiti kile kila siku, nikakidhania cha kufungia kamba ya nguo.

Basi akanituma Kwihara, kufunga paneli mbili kwenye fremu uwanjani mwa shule. Ilikuwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kivuli cha saa sita ya mchana hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini, na huku kwetu paneli tunaziinamisha kidogo kuelekea kaskazini. Nikachomeka msumari ardhini, nikasubiri saa yangu ya mkononi igonge sita kamili, nikachora mstari juu ya kikivuli kidogo nilichokipata, nikafunga fremu kwa zege. Mwalimu mmoja akaniuliza kwa upole mbona sola zinatazama jua linakochomoza. Nikamjibu kwamba hiki ni kipimo, Mwalimu. Bi Zuhura alikuja kukagua siku ya pili yake.

"Pazi, leo asubuhi jua limetokea wapi?"

Nikanyoosha kidole kuelekea barabarani.

"Na hizi sola umezielekeza wapi?"

"Kaskazini," nikasema, nikinyoosha kidole kulekule barabarani.

Alikaa juu ya tofali, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akanieleza. Saa zetu za mkononi zinafuata jua la watu wa mashariki, huko baharini, na jua huwafikia wao kwanza. Tabora likisimama katikati kwelikweli, saa ya mkononi inakaribia saba. Na katika mwezi ule, ambao jua letu linapita utosini, kivuli cha saa sita ya mkononi kinalala kuelekea magharibi bila aibu yoyote. Akanionyesha njia yake. Unasimika kijiti, unachora duara kukizunguka, unaweka alama kivuli kinapogusa duara asubuhi na kinapoligusa tena alasiri, kisha unagawa katikati. Huhitaji saa. Unahitaji kijiti, kamba, na uvumilivu wa kukaa siku nzima mahali pamoja. Zege nililivunja mwenyewe kwa nyundo, wanafunzi wakinihesabia mapigo.

Tangu siku ile nikashikwa na ugonjwa wa kulipima jua. Nilitengeneza kipimapembe kikubwa cha plaiwudi, chenye uzi na nati ya kuuvuta chini, ili nijue jua limepanda kiasi gani. Siku ya kwanza nililenga jua kwa jicho. Msifanye hivyo. Kutwa nzima niliona doa la kijani katikati ya uso wa kila mtu, na Bi Zuhura aliponiuliza kwa nini namkodolea macho, nikajifanya natafuta ufagio. Baadaye nikafunga kipande cha bomba la plastiki kwenye kile kipimapembe. Ukiligeuza bomba mpaka kivuli chake kibaki kipete chembamba tu ardhini, basi limelitazama jua sawasawa, na macho yako yamebaki kuwa yako.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni kawa. Lilikuwa kawa la wavu mweupe, la mviringo kama nusu ya chungwa, ambalo Mama Tatu alikuwa akifunikia chakula. Nililiona mezani juu ya dagaa, nikaona mbingu. Nikaligeuza kuwa mali ya sayansi asubuhi ileile, na dagaa nikawaachia nzi. Nililiweka juu ya ubao uliolala sawa kwa pimamaji, nikatia alama katikati ya ubao. Kisha nikawa nashika ncha ya kalamu juu ya wavu na kuisogeza, mpaka kivuli cha ncha kianguke juu ya ile alama ya katikati. Pale kalamu ilipogusa ndipo jua lilipo, na hapo naweka tone la rangi ya kucha. Nafanya hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, kisha naunganisha matone kwa uzi na sindano. Uzi mmoja ni safari ya jua ya siku moja. Nilifanya kila mwezi, toka Desemba mpaka Juni, maana baada ya hapo jua hurudi kwa njia zilezile na uzi wa Mei ndio huohuo wa Julai, na kawa likawa na mistari sita saba ikipita kama fito za paa zilizopangwa.

Rangi ya kucha ilikuwa ya nani, mnajua.

"Baba Tatu," aliniuliza Mama Tatu, "hilo jua lina mke?"

"Kwa nini?"

"Maana naona unalipaka rangi, unalishonea, na chakula cha nyumbani umelipa."

Kawa lile lilinifundisha jambo ambalo vitabu vya watu wa mbali havikulisema. Huko kwao jua la mchana lina upande mmoja maisha yote. Hapa Tabora halina. Miezi kadhaa linapita kaskazini ya utosi wetu, kisha linavuka juu ya vichwa vyetu na kwenda kupita kusini, halafu linarudi. Kwenye kawa, uzi wa Juni ulilala upande wa kaskazini na uzi wa Desemba upande wa kusini, na nyingine katikati. Kulitazama lilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kwa hiyo nilifunga uzi mwekundu ukingoni, upande wa kaskazini, ili nisichanganyikiwe. Nilijipongeza sana kwa uzi ule.

Matumizi yake kazini yalikuwa mazuri, na hapa naomba muelewe kwa sababu ndipo mambo yanapokuja. Ubao nilikuwa nimeutoboa tundu katikati na kuutia miguu. Ukifika mahali pa kufunga sola, unaliweka kawa palepale paneli zilipo, unaelekeza uzi mwekundu kaskazini, unaingiza kichwa chini ya ubao na kuchungulia kwenye tundu. Unaona miti na mapaa ya jirani kupitia wavu. Mti ukikata uzi wa Desemba, basi Desemba mti huo utaziba jua. Usipokata, hautaziba. Huhitaji kurudi kila mwezi kuangalia. Bi Zuhura, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alichungulia siku moja na kusema, "Haya, Mzaramo, leo umefikiri." Nikalala nikiwa na maneno hayo.

Miaka michache baadaye Bi Zuhura alifariki. Nilimlilia kama mama, na bado namkumbuka kila nikiona mtu ameikodolea saa macho kutafuta kaskazini. Mimi nikabaki mkubwa pale barazani, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza jua limetokea wapi.

Ndipo nikaitwa kwenye zahanati moja ya kijiji kilicho mbele ya Usinge, kwenye ukingo wa msitu. Friji la chanjo lilikuwa linazimika kila msimu wa mvua. Nesi Veronika, aliyekuwa akiishikilia zahanati ile karibu peke yake, alikuwa amemwaga chanjo mara mbili. Kina mama waliotembea kutoka mbali na watoto mgongoni walirudi nao vilevile walivyokuja. Kamati ya kijiji ilikuwa imeshampata mkosaji. Nyuma ya zahanati, upande wa machweo, palikuwa na mtundu, mti mkubwa wa msituni ambao nyuki huupenda, na kila mtu alikuwa ameona kivuli chake kikipanda juu ya sola wakati wa jioni. Mwenyekiti Maganga alitaka ukatwe.

Lakini mti ule ulikuwa na mizinga ya Mama Kalunde. Marehemu mumewe ndiye aliyeitundika, na tangu afariki ndiyo iliyomtunza. Asali na nta ya mtundu ule ndiyo chumvi yake, sabuni yake, na sare za wajukuu. Mingine hakuwa nayo. Alikuwa amewaambia wanakamati kwamba hatabishana na watoto wa watu kuhusu chanjo, ila aje mtu apime. Kipimo kikisema mti una hatia, ukatwe. Hilo ndilo nililoitiwa.

Sasa rudini nyuma kidogo, nyumbani kwangu. Kati ya kazi moja na nyingine Mama Tatu alikuwa amelichukua kawa lake, kama alivyokuwa na haki, na kulifunikia maziwa. Uzi mwekundu ukawa unaingia kwenye maziwa. Akaukata. Nilipolihitaji kwa safari ya Usinge, nikakuta kawa safi, lina mistari yote, lakini halina kaskazini. Mtu mwenye akili angeliweka juani kidogo na kuangalia. Mimi nilikuwa na haraka ya kumpata mwenye pikipiki. Nikaligeuzageuza, nikaona upande mmoja "unafanana na kaskazini", nikafunga uzi mwingine mwekundu, nikaondoka.

Nilifika wakati wa magharibi, nikalala kwa Mwenyekiti. Asubuhi na mapema nikaegesha ngazi, nikapanda paa la zahanati, nikaweka ubao, nikaelekeza uzi, nikaingiza kichwa. Mti wa mtundu ulikuwa umeukata kabisa uzi wa Desemba. Sikushuka hata chini. Nilipiga kelele kutoka juu, kama muadhini.

"Desemba! Mti unaziba jua la Desemba!"

Nesi Veronika alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mwenyekiti akanishukuru, akatangaza mkutano wa kesho yake asubuhi. Mama Kalunde alikuwa amesimama pembeni na kanga zake mbili, ameinua uso kunitazama. Jioni ile alimwita mrina asali mmoja, wakapuliza moshi, wakaushusha mzinga wa tawi la chini. Nyuki walitoka, wakazunguka kwa muda, wakaenda zao msituni. Niliwaona wakiondoka, na niliona aibu ambayo sikuijua inatoka wapi. Nikajiambia kwamba kipimo ni kipimo.

Asubuhi watu walijaa mbele ya zahanati. Tuliamkiana, mwangaluka, mwangaluka, kina mama wakakaa kwenye nyasi, kijana mwenye shoka akakaa juu ya shoka lake. Nikaliweka kawa juu ya meza ya Nesi pale uwanjani, uzi mwekundu ukielekea kaskazini, nikaeleza uzi mmoja mmoja. Nilieleza vizuri sana. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mwenyekiti Maganga akainua mkono.

"Fundi, ngoja. Kawa lako linasema mwezi huu wa saba mti hauzibi kitu?"

"Hauzibi. Unaziba Desemba."

"Lakini jana jioni kivuli tumekiona juu ya sola. Nimekiona mimi, ameona Nesi."

Vijana, hapo ndipo fundi anapotakiwa kunyamaza na kukuna kichwa. Mimi nilimjibu Mwenyekiti wa kijiji, mbele ya watu wake, kwamba kivuli cha jana walikiona vibaya.

Kina mama waliguna. Mama Kalunde akasema taratibu, "Mtani, kivuli nacho kina kuona vibaya?"

Niliona niwamalize mara moja. Nikawaambia wasogee. Nikashika kalamu. "Tazama, mama. Huu ni uzi wa mwezi huu. Nikiigusisha ncha ya kalamu juu yake, kivuli cha ncha kitaanguka katikati ya ubao, pale kwenye tundu. Jua haliwezi kusema uongo."

Nikagusisha. Kivuli cha kalamu kikaanguka mbali na tundu, ukingoni kabisa, karibu kitoke kwenye ubao. Nikaisogeza kalamu juu ya uzi, nikaisogeza chini. Kivuli kikatembea pembeni kwa raha zake na tundu likabaki peke yake. Mtoto mmoja akasema, "Bibi, kimekataa." Jasho likanitoka, na lile halikuwa joto, maana Julai Usinge asubuhi watu wanavaa makoti.

Nikalitazama kawa. Nikaligeuza, polepole, nusu mzunguko. Nikarudisha kalamu kwenye uzi uleule. Kivuli cha ncha kikaingia katikati ya tundu, kikatulia hapo.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Nadhani walinionea huruma. Nikaliacha kawa hivyo lilivyogeuzwa, nikaliinua kwa mikono miwili pamoja na ubao wake, nikapanda nalo paani na kuchungulia upya. Mti ulikuwa unakata uzi wa mwezi wa saba, kama walivyokwisha kuona kwa macho yao ya kawaida, wakati wa kiangazi ambapo jua ni tele na friji halijawahi kuzimika. Uzi wa Desemba ulikuwa upande mwingine kabisa, na mbele yake hakuna kitu ila anga. Mti ulikuwa hauna hatia. Kwingine duniani, kawa likigeuzwa hivyo mistari yote ingekuwa upande mmoja na hata mlevi angejua. Kwetu jua linapita pande zote mbili za utosi, basi kosa langu lilivaa nguo safi likafanana na ukweli.

Nilishuka, nikawaambia. Niliwaambia yote, pamoja na maziwa. Ndipo wakacheka, na walicheka Kinyamwezi na Kiswahili kwa pamoja. Mwenye shoka alilala kabisa kwenye nyasi.

"Sasa friji linazimwa na nani?" Mwenyekiti akauliza, akijifuta macho.

Hilo swali nilitakiwa kuliuliza kabla ya kugusa ngazi. Nikaingia ndani kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nyuma ya friji waya wa ekstensheni ulikuwa umetoka kwenye betri zilezile za chanjo, ukapita chini ya meza, na mwisho wake ulikuwa umejaa simu za watu. Nesi Veronika aliona haya.

"Hizi ni chache," akasema. "Masika, mawingu yakitanda, ile sola ndogo ya dukani haichaji, wote wanakuja huku. Zinafika mpaka dirishani. Nitamkataliaje mtu, Fundi, na mimi naishi hapa?"

Nikaichomoa simu ya kwanza, kubwa, yenye kava ya bluu, nikatoka nayo nje na kuuliza ni ya nani. Watu wote walitazama upande mmoja. Mwenyekiti Maganga aliipokea, akaitia mfukoni, akasema mkutano umefungwa.

Nilifunga swichi ya kutenga friji na waya mwingine wowote, kazi iliyokwenda mpaka alasiri, na kamati ikakubaliana kwamba simu za kijiji zitatafutiwa sola yake. Ningependa kusema kwamba nilifungasha nikaondoka. Lakini Mama Kalunde alikuwa amekaa chini ya ule mti, kando ya mzinga wake uliolala chini mtupu, akinisubiri. Nikamwendea. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nyuki wako nimewafukuza mimi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani usiku ule hakulala.

"Mzinga ukirudi mahali pake na wao hurudi," akasema. "Si lazima hawa, hata wengine. Lakini nani ataurudisha? Mrina nimeshamlisha kuku jana."

"Nitamtafuta, mama, nitamlisha kuku mwingine."

"Hapana, Mzaramo. Umeushusha kwa mdomo, utaupandisha kwa mikono. Ni faini ya utani hiyo, na ukikataa nakuja kukulilia kwako Isevya, mlangoni, ukiwa hai."

Mtani kukulilia ukiwa hai ni kukutakia msiba, na tishio hilo halitaniwi. Watu waliokuwa wameshaanza kuondoka wakarudi wote na kukaa. Nikafungwa kamba kiunoni, mzinga ukafungwa upande wa pili, nikaanza kupanda. Nimepanda mapaa mengi, lakini paa halina magome yanayobanduka wala wenyeji wa tawi la juu wanaotoka kuuliza unatafuta nini. Waliniuliza shingoni, sikioni, na mahali pengine ambapo Mama Tatu peke yake ndiye aliyepaona baadaye. Nilipanda nikipumzika, nikapumzika nikilia kidogo, na jua likawa linateremka nyuma yangu bila kunisubiri. Mwishowe nikalifikia lile tawi, nikauweka mzinga, nikaufunga kwa kamba ya magome kama Mama Kalunde alivyokuwa akinielekeza kutoka chini, fundo kwa fundo, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa na furaha.

Nilipomaliza nilikumbatia shina ili nivute pumzi. Chini yangu paa la zahanati lilikuwa linawaka rangi ya machungwa, na katikati ya paneli, mweusi na mkubwa, alikuwa amelala mtu aliyekumbatia mti.

"Fundi!" Mama Kalunde akaita, na kijiji kizima kikawa tayari kimeshaanza kucheka. "Shuka basi, unatuzibia jua!"